Mifuko Kumi na Sita ya Kaki

Juzi kijana mmoja alinipigia simu kutoka Uingereza, akaniambia nyanya yake, Mama Jaya, amefariki. Nikampa pole kama inavyotakiwa. Akasema, kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, kwamba wanakusanya maneno ya watu waliomjua nyanya alipokuwa na duka la vitambaa Kitale, ili wayasome siku ya kumkumbuka, na kwamba jina langu alikuwa akilitaja mara kwa mara. "Alikuwa anasema nini?" nikamuuliza. Akacheka kidogo, akajibu: "Alikuwa anasema Fundi Wafula ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote aliowahi kucheza nao karata." Kijana akadhani simu imekatika, akaanza kuita hello, hello. Simu haikuwa imekatika. Nilikuwa natafuta mahali pa kutema mate, nami nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu, juu ya zulia.

Mimi nina miaka sitini na ushei. Shule niliachia darasa la tatu, na siombi mtu huruma kwa hilo. Leo nina karakana ya mashine kumi na mbili hapa Bungoma, nashona yunifomu za shule nyingi kuliko fundi mwingine yeyote ninayemjua, na kila tofali la nyumba hii ninamoandikia niliona likiwekwa. Lakini muulize mtu wa mji huu, ati Wafula alipataje? Atakwambia, "Aah, yule mzee ana bahati bana." Mwenye digrii akifanikiwa ni akili yake. Mtoto wa tajiri akifanikiwa ni malezi. Mimi nikifanikiwa ni bahati, kama vile niliokota cherehani kumi na mbili barabarani nikienda msalani. Neno hilo linanitia kichefuchefu, na nataka kueleza hapa lilianzia wapi kunitia kichefuchefu. Lilianza mwaka wa themanini na saba, mwaka pekee wa maisha yangu niliocheza mchezo wa briji.

Mwaka huo nilikuwa nashona kwenye baraza ya duka la Mama Jaya. Wakati ule kila duka la Mhindi pale Kitale lilikuwa na fundi barazani: mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nje anapimwa, anaambiwa aje Ijumaa. Mafundi wengine walikuwa na daftari la vipimo. Mimi sikuwa na daftari, kwa sababu kuandika kulinichelewesha na kusoma nilichoandika kulinichelewesha zaidi. Nilipima mtu mara moja, kifua, kiuno, bega, mkono, urefu, nikaviweka kichwani, na mtu huyo angeweza kurudi baada ya mwaka nikamkatia suruali bila kumgusa. Ningeweza kuwa na watu arobaini kichwani kwa wakati mmoja na wasigongane. Sikuona kama ni jambo kubwa. Mpishi hakumbuki chumvi ameweka wapi?

Mama Jaya aliona. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na mumewe alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Siku moja ya mvua, hakuna wateja, akaja barazani na karata mkononi, akaziweka moja moja juu ya meza yangu ya kukatia, zote hamsini na mbili, mbele ya macho yangu, kisha akazikusanya akaficha tano. "Haya fundi. Mimi naficha gani?" Nikamtajia zote tano. Akachanganya, akarudia. Nikamtajia tena. Akanitazama kama mtu aliyekuta shilingi ndani ya samaki, akasema, "Kuja ndani. Acha suruali ya polisi, yeye nangoja."

Chumba cha nyuma ya duka kilikuwa na meza ya mraba, kalenda ya miungu yao, na harufu ya pilipili ya achari iliyokuwa ikikaa kwenye mitungi dirishani. Hapo ndipo nilifundishwa, kila siku saa saba hadi saa nane, kwa miezi miwili. Alinilisha chapati nyembamba kama karatasi, dengu, na chai ya tangawizi kali mpaka machozi. Na mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mnakaa wanne, wawili dhidi ya wawili, wenza wakitazamana. Kila mtu anapewa karata kumi na tatu. Upande mmoja unaahidi kwamba utashinda mizunguko kadhaa, na kila mzunguko kila mtu anaweka karata moja ya aina iliyotangulia, iwe kopa, uru, shupaza au maua, asiye nayo anatupa yoyote, na kubwa inabeba. Wa upande ulioahidi, mmoja anacheza karata za wote wawili, na mwenzake anafungua karata zake mezani kila mtu azione, kisha ananyamaza kama jiwe. Basi. Kazi yote ni kuhesabu kilichotoka na kujua kilichobaki kiko kwa nani. Kwangu ilikuwa ni vipimo tu: huyu amebaki na nne za kopa, yule amekwisha uru, kiuno thelathini na mbili, mguu arobaini. Mama Jaya akinifundisha alikuwa na mazoea ya kushika kijiko cha chai na kuuliza, "Kubwa iko kwa nani?" Nikikosa, anaelekeza kijiko kwenye kiti tupu cha mtu aliyekuwa nayo. Baada ya wiki ya tatu kijiko hakikuelekea popote. "Wafula," akaniambia, "mimi nacheza miaka therathini. Kichwa kama hii hapana ona." Mtu hajawahi kuniambia neno kama hilo, kabla wala baadaye. Nililiamini. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Wacheza briji wa Kitale walikutana Jumamosi katika jumba la zamani la wakulima, nyumba ya mbao na mabati mekundu iliyoachwa na walowezi. Ndani palikuwa na sakafu ya mbao inayolia, vichwa vya swara ukutani vimeliwa na nondo, na meza tano. Wanachama walikuwa wakulima wakubwa, wenye maduka, daktari wa mifugo mstaafu, maofisa wawili watatu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Muchiri, muuza mbegu na mwenye shamba la mahindi upande wa Endebess, mtu mnene mwenye kicheko cha kuazima. Sheria yao ilikuwa hivi: mwanachama anaweza kumleta mgeni acheze naye, lakini mgeni hali mezani. Saa saba kamili kengele ililia, wanachama wakaingia chumba cha kulia, penye kitambaa cheupe na nyama ya kondoo ya kuoka na viazi, na mimi nikazunguka nyuma nikala ugali na sukuma pamoja na wapishi. Sina neno na ugali. Wapishi walikuwa watu wazuri. Lakini fikiria: mtu nimemfunga asubuhi nzima, uso kwa uso, magoti yanagusana chini ya meza, halafu kengele inalia na magoti yangu hayafai tena.

Kupitia dirisha la jikoni nilisikia wanavyozungumza wakitafuna. "Huyo fundi wa Mama Jaya amenipiga tena bana." "Karata zinampenda." "Ni bahati ya mgeni, itaisha." Na Bwana Muchiri, mdomo umejaa viazi: "Mnajua kuku kipofu pia huokota punje." Wakacheka. Mpishi mkuu akanitazama, akaniongezea sukuma. Na nataka msomaji ajue mtu huyu Muchiri alikuwa wa namna gani. Mahindi yake yakizaa, ilikuwa ni utaalamu wake wa mbegu. Yakikauka, ilikuwa ni mvua. Akishinda karata, alieleza kila mzunguko kwa nusu saa jinsi alivyofikiri. Akishindwa, alisema alipewa takataka. Watu kama hao wako mpaka leo, nawashonea suti.

Mama Jaya alikasirika kuliko mimi. Jumamosi moja akapiga meza kwa kiganja. "Nyinyi nasema bahati, bahati. Sawa. Sisi nacheza kama Nairobi. Karata ile ile, kila meza. Kila mtu napewa takataka ile ile. Sasa nani nalia?" Ni hivi: mnagawa karata mara moja tu, mkimaliza kucheza hamzichanganyi, kila mtu anarudisha zake kumi na tatu mahali pake, na zinapelekwa meza nyingine zikachezwe upya na watu wengine. Hapo bahati imekufa. Uliyempiga alipata karata hizo hizo. Muchiri akasema hawana vile vibao vya kubebea karata, vinatoka ng'ambo. Mama Jaya akanigeukia. Jumatatu nilichukua vipande vya kaki vilivyobaki kwenye kaptura za shule, nikashona mifuko kumi na sita, kila mmoja una vijumba vinne, nikavitia alama kwa nyuzi za rangi: nyekundu kaskazini, buluu kusini, kijani mashariki, manjano magharibi. Pindo mara mbili, ili mtu asione karata kwa upande. Ilinichukua siku tatu. Sijawahi kushona kitu kwa furaha kama hiyo, hata suti ya harusi yangu.

Kwa hiyo tulicheza na mifuko yangu, na kwa Jumamosi tatu mfululizo mimi na Mama Jaya tukawa wa kwanza. Nilidhani sasa watasema ni kichwa changu. Wapi! Jumamosi ya nne nilikuta mifuko imetandazwa juu ya meza na Bwana Muchiri anaipekua kwa miwani, anakagua mishono. "Si ni wewe uliishona, fundi?" akaniuliza kwa upole. "Ni mimi, Bwana Mwenyekiti." "Kwa hiyo wewe peke yako ndiye unajua kuna nini ndani ya pindo." Daktari wa mifugo akakohoa. Nikachukua wembe wangu mfukoni, ule wa kufumulia, nikaufumua mfuko mmoja mbele yao, pindo la kwanza, pindo la pili, nikautandaza ukawa kitambaa kitupu. "Nifumue na mingine kumi na tano?" Muchiri akacheka kile kicheko chake, akanipiga bega, akasema, "Basi fundi, usikasirike. Fanya hivi. Mwezi ujao tunaenda Bungoma kupigania kikombe. Wametufunga miaka mingi. Cheza na Mama Jaya kwa upande wetu. Tukirudi na kikombe, nitakuingiza mwenyewe kwenye kitabu cha wanachama, na utakula pale," akaonyesha mlango wa chumba cha kulia, "karibu na mimi." Usiku huo niliushona mfuko upya.

Nataka kusema ukweli: nilikitaka kiti kile. Leo ningekichoma kuni. Lakini wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na sikutaka kitu kingine duniani kama kuingia mlango ule kengele ikilia, na watu waseme huyu ameingia kwa kichwa chake.

Bungoma tulichezea kwenye ukumbi wa hoteli moja iliyokuwa na bustani ya maua ya karatasi na viti vya chuma vinavyochoma makalio jua likipanda. Meza mbili tu. Katika meza ya kwanza mimi na Mama Jaya tulicheza dhidi ya Wakili Masinde na mwenzake Daktari, daktari wa watu huyu, kijana mpole wa miwani. Katika meza ya pili, ng'ambo ya ukumbi, Bwana Muchiri na mwenzake walicheza dhidi ya wengine wawili wa Bungoma, na huko watu wetu walikalia upande ule ambao kwetu ulikaliwa na Wakili. Asubuhi kila meza ilicheza mifuko minane. Baada ya chai mifuko ikabadilishana meza. Msomaji ashike hilo, kwa maana ndilo lililozaa uchafu wote: mifuko tuliyocheza sisi jioni, Muchiri alikuwa ameshaicheza asubuhi, na karata za Wakili zilikuwa zimepita mkononi mwake yeye.

Wakili Masinde alikuwa mtu wa Kabuchai, kwetu kabisa, mrefu, tai nyekundu, mdomo haufungwi. "Ati Kitale wamekosa watu mpaka wameleta mshona suruali!" alinipokea. "Wafula, wewe ni mwana wa kwetu, unachezea maadui? Nitakufunga nikupeleke kwa mama yako na kamba." Nikamwambia, "Mheshimiwa Wakili, hiyo suruali umevaa imepinda mguu wa kushoto. Tukimaliza nitakurekebishia." Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Huyo nilimpenda. Alikuwa na matusi lakini hakuwa na hila. Akishindwa alisema, "Umenishinda, shetani wewe," na kugawa tena.

Saa ya chai wanachama walikaa ndani na keki, na mimi, kwa mazoea, nikatoka nje kwenye bustani na kikombe changu. Hakuna aliyenifukuza, miguu ilinitoa yenyewe. Kupitia mlango wa kioo nilimwona Bwana Muchiri akimwinamia Mama Jaya, anazungumza karibu na sikio. Mama Jaya alitikisa kichwa mara moja kukataa. Halafu akatazama kikombe chake. Sikujali. Nilidhani ni mambo ya hesabu ya pointi.

Ulipofika mfuko wa mwisho, wa kumi na sita, tulikuwa nyuma kidogo tu, na kila mtu alijua kwamba ukienda kwetu kikombe ni cha Kitale. Watu wa meza ya pili walikuwa wamemaliza, wakaja kusimama nyuma ya viti vyetu. Tuliahidi ahadi kubwa, na mimi ndiye niliyekuwa mchezaji. Mama Jaya akafungua karata zake mezani akakaa kimya, kikombe chake cha chai pembeni. Tulicheza mpaka likabaki swali moja tu: Kwini wa shupaza. Wakili alikuwa kushoto kwangu, Daktari kulia. Kwini yuko kwa nani? Mimi na Mama tulikuwa na shupaza nane, wao tano. Na kufikia hapo Daktari alikuwa ameshanionyesha mwili wake wote kama mteja: kopa sita, uru nne, maua mbili. Hizo ni kumi na mbili. Ya kumi na tatu ni shupaza, moja tu. Nikatoa Kingi, na Daktari akaweka tatu ya shupaza. Hiyo ndiyo moja yake, imekwenda. Kwini hangeweza kuwa mahali pengine ila kwa Wakili. Si kukisia. Ni kama kujua kwamba mtu aliyekatwa mkono mmoja amebaki na mkono mmoja.

Basi nikatoa Jeki. Wakili akafikiri, akakuna kidevu, akaweka tano. Kilichobaki ni mimi kuweka karata ndogo ya mezani na kuiacha Jeki ipite, kwa sababu kulia kwangu Daktari hana cha kuikamatia. Mwoga ndiye anayeifunika kwa Esi ya mezani, karata kubwa kuliko zote, akiomba Mungu Kwini aanguke. Nilifungua mdomo niseme "ndogo". Hapo Mama Jaya, ambaye kazi yake ilikuwa kuwa jiwe, akanyoosha mkono kwenye sahani ya kikombe, akakigeuza kijiko. Polepole. Ncha ikamwelekea Wakili.

Nilidhani hakuna mwingine aliyeona. Ilikuwa ni mwanamke mzee anachezea kijiko. Nilimtazama usoni, na yeye akatazama kalenda ya hoteli ukutani. Halafu nikainua macho nikamwona Bwana Muchiri nyuma yake, na Muchiri hakuwa anatazama karata. Alikuwa anatazama kijiko. Nikaelewa yote kwa mara moja, chai, sikio, asubuhi, mkono wake. Nikaonja mdomoni keki ambayo sikuwa nimekula. Kwa maana nilijua, sawa. Lakini sasa nilikuwa pia nimeambiwa. Ningeiacha Jeki ipite, ningeshinda, ningeingia mlango ule, na hakuna kitu duniani ambacho kingenionyesha kama aliyeingia ni mimi au kijiko. Mtu akishanong'onezwa hawezi tena kudai alijua. Wamenichukulia hesabu yangu kichwani wakaitia mate yao.

"Fundi, tunakungoja," Wakili akasema. "Ama unashona?"

"Esi," nikasema.

Mama Jaya akaishika ile Esi mezani kana kwamba ina moto. Akaiweka. Daktari, mpole wa watu, akatupa kopa kuonyesha hana shupaza, na ukumbi mzima ukaona kwamba Fundi Wafula amesahau kuhesabu. Baada ya hapo Wakili akaitoa Kwini yake, akaibusu, akaipiga mezani, na ahadi yetu ikavunjika kwa mzunguko mmoja. Kelele zilipanda. Wakili akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, mwana wa kwetu. Leo bahati imekuacha." Nyuma yangu nikasikia mtu wa Kitale akisema, si kwa siri, "Si nilisema itaisha?"

Tulirudi kwa gari la Mama Jaya, mimi na yeye tu. Tukapita Kamukuywa. Akaegesha kando ya barabara, penye miwa, injini ikiwaka. "Wewe hapana sahau," akasema. "Mwaka mzima hapana sahau kitu."

"Sikusahau, Mama. Daktari alikuwa na moja, na aliitoa. Kwini ilikuwa kwa Wakili."

"Basi kwa nini?"

"Kijiko chako nacho kilijua."

Alishika usukani kama mtu anayeshika ukuta. Akasema Muchiri ndiye aliyemwambia wakati wa chai, kwamba asubuhi yeye ndiye alikuwa na Kwini ile, na kwamba yeye, Mama Jaya, alikataa. "Mimi nakataa, Wafula. Lakini ile Jeki naona, moyo nagonga. Mimi nataka wewe ingia ndani. Nafanya kwa sababu yako."

"Uliniambia hujaona kichwa kama changu."

"Hapana ona."

"Sasa uliogopa nini?"

Hapo akalia, na akasema kweli, na kweli yenyewe ndiyo iliyonichafua kuliko hila. "Kama wewe kosa? Mara moja tu. Mimi naogopa kosa mara moja." Basi. Miezi yote ile, chapati na dengu na sifa, na ilipofika karata moja tu iliyokuwa na maana, aliniona kama walivyoniona wao: mtu ambaye karata zinampenda, na siku moja zitaacha. Angalau Muchiri hakuwahi kunisifu. Nilitaka kushuka nitembee mpaka Kitale. Sikushuka. Kulikuwa na kilomita nyingi, na viatu vilikuwa vipya.

Watu huniuliza, hao wachache niliowasimulia, kama sijutii. Wanasema ungeshinda tu, nani angejua? Mwanangu wa pili aliniambia usoni, "Baba, hiyo ilikuwa kiburi." Ndiyo, ilikuwa kiburi. Maskini akiwa na kiburi mnakiita ugonjwa. Lakini mimi nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho sikupewa na mtu, nacho kilikuwa kujua kwamba najua. Ningekiuza kwa kiti?

Jumatatu Bwana Muchiri alikuja barazani, mara ya kwanza kusimama pale bila kuwa na shati la kupunguzwa. Alitazama kushoto na kulia, akatoa karatasi kwenye koti. "Kamati imekaa," akasema. "Wamekubali uwe mwanachama. Umecheza vizuri mwaka mzima, mambo ya juzi ni bahati mbaya tu. Weka sahihi hapa." Alijua nilimwona akitazama kijiko. Nikaelewa anachonunua. Nilichokuwa nimekipigania kwa kichwa alikuwa amekileta barazani kama mtu anayemtupia mbwa mfupa asibweke. Nani angeniamini hata nikibweka? Yeye hakujua hilo. Mwizi husikia nyayo kila mahali. Nikaichukua karatasi, nikaandika jina langu, herufi kubwa, polepole, nikamfanya asimame juani mpaka nikamaliza.

Jumamosi nilivaa suti niliyojishonea, ya kijivu, nikaenda. Asubuhi Mama Jaya alikuwa ameningoja mezani na kiti changu amekivuta. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama," nikapita, nikakaa kwenye benchi chini ya vichwa vya swara saa tatu nzima, mikono mapajani, nikiwatazama wakicheza na mifuko yangu. Kengele ilipolia nilisimama wa kwanza. Nikaingia mlango ule. Mpishi mkuu aliyeleta nyama aliniona, akasita, akaniwekea kipande kikubwa kuliko cha Mwenyekiti. Nilikuwa nimewekwa karibu na Muchiri, kama alivyoahidi, na ng'ambo yake alikaa mgeni, mzee mmoja wa kutoka Eldoret, ambaye ile sheria ya wageni haikumgusa. Kondoo mwenyewe alikuwa mkavu. Viazi havikuwa na ladha. Kwa dirisha niliwasikia wapishi wakicheka juu ya jambo fulani, na sufuria ya ugali ikikwanguliwa.

"Huyu ni fundi wetu," Muchiri akamwambia mgeni, mkono wake begani kwangu, akipaza sauti meza nzima isikie. "Mwanachama wetu mpya. Mtu wa bahati ajabu! Ukikaa naye mezani ujichunge."

Mgeni akanigeukia kwa heshima. "Kumbe! Umeanza kucheza lini, bwana?"

Mama Jaya aliweka uma chini. Nilitafuna nilichokuwa nacho mdomoni, nikameza.

"Mimi sichezi," nikamwambia. "Hebu nisogezee hiyo chumvi."